Wana wa Mungu walikosa, mbona anayekemewa ni binti?

Mhubiri alifuta jasho, akasogeza kipaza sauti mdomoni, akauliza umati kama unajua kwa nini wanawake wengi wa mjini hawaolewi, na wengine wakiolewa hawazai. Umati ukajibu kwamba haujui. Akasema jibu liko Mwanzo sura ya 6. Malaika walishuka duniani kwa sababu ya uzuri wa wanawake, wakazaa nao majitu. Majitu yakafa kwenye gharika, roho zao zikabaki zinatangatanga, na hizo roho ndizo mnazoziita majini mahaba. Kisha akageukia upande waliokaa kina dada, akawanyooshea kidole: "Wanja huo unampaka nani? Nywele hizo unamsukia nani? Unawaita wenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na jenereta, na sikupiga.

Sikwenda pale kikazi. Nilikwenda kwa sababu mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa dada yangu mkubwa. Ameolewa miaka saba, mimba zimeharibika mara mbili. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aliombewa na mhubiri yuleyule, akaambiwa kwamba ana mume wa kiroho wa uzao wa Wanefili anayeua watoto wake tumboni. Akaambiwa afunge siku saba, alete sadaka ya ukombozi, atupe vipodozi vyote, na aache kwanza mambo ya hospitali ili Mungu asishindanishwe na mtu. Dada alitii. Alitupa wanja, akatupa na vidonge alivyopewa kliniki. Siku ya tano ya mfungo alianguka jikoni.

Shemeji, yaani mumewe wa damu na nyama, hakuambiwa afunge hata saa moja.

Sasa naomba nieleweke mapema, maana najua watu wetu. Sina ugomvi na kanisa. Nililelewa humo, nimeimba kwaya humo, na Jumapili ambayo sina zamu niko humo. Wala mimi si mchungaji wala mwanateolojia. Ni ripota wa gazeti tu. Lakini kazi yangu imenifundisha jambo moja ambalo nadhani linafaa hata kwenye Biblia: kabla hujaandika kichwa cha habari, uliza nani alimfanyia nani nini. Nimeisoma mistari ile minne mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na ninasema bila kupepesa macho kwamba yule mhubiri kaigeuza habari. Kamfanya aliyetendewa kuwa mtenda.

Hebu tuiangalie. Mwanzo 6, mstari wa 1 hadi wa 4. Kwa maneno yangu mwenyewe inasema hivi: watu walipoanza kuongezeka duniani na kuzaa mabinti, wana wa Mungu wakawaona mabinti hao ni wazuri, wakajichukulia wowote waliowataka. Mungu akasema roho yake haitakaa na mwanadamu milele, siku zake zitakuwa miaka 120. Na siku zile walikuwako Wanefili, na kutokana na kuingiliana kule wakazaliwa mashujaa wa zamani, watu wa jina. Basi, imekwisha. Mistari minne, na wasomi wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka 2000.

Hesabu vitenzi, ndugu msomaji. Wana wa Mungu waliona. Waliwataka. Walichukua. Waliingia. Mabinti je? Walizaliwa, walikuwa wazuri, wakachukuliwa, wakazaa. Hakuna mahali panaposema walijipamba. Hakuna mahali panaposema waliita. Hawakuulizwa hata neno moja. Ukinitafutia wanja katika mistari hiyo minne, nitakununulia chai na chapati mwezi mzima.

Na mpangilio huo wa kuona, kukuta ni kizuri na kuchukua si mgeni kwenye Biblia. Hawa bustanini aliona tunda kuwa zuri, akachukua, na kila mhubiri anajua kosa lilikuwa la nani, hakuna anayelikemea tunda. Maofisa wa Farao walimwona Sarai, wakamsifia kwa mfalme, akachukuliwa, na mapigo yakamwangukia Farao. Daudi alimwona mke wa Uria akioga, akatuma watu wakamchukua, na nabii Nathani alipokuja na kidole chake alimnyooshea Daudi. Kwa hiyo anayejua kusoma anajua kwamba anayeona na kuchukua ndiye anayeulizwa. Kwa nini hapa kwenye Mwanzo 6 kanuni ibadilike?

Turudi kwenye lile fumbo lenyewe: hao wana wa Mungu ni nani? Kuna majibu matatu makubwa, na nitayapitia yote ili mtu asije akasema nimechagua linalonifaa.

Jibu la kwanza ni malaika. Hili ni la zamani sana, na kwa upande wa lugha nadhani ndilo lenye nguvu. Kitabu cha Ayubu, sura ya 1, ya 2 na ya 38, kinatumia maneno hayohayo kwa viumbe wa mbinguni wanaosimama mbele za Mungu. Waraka wa Yuda na waraka wa pili wa Petro unazungumzia malaika walioacha mahali pao, wakafungwa gizani wakingoja hukumu. Na kuna Kitabu cha Henoko, ambacho kinalisimulia jambo hili kirefu. Kitabu hicho sisi Waafrika tunapaswa kukijua zaidi, kwa sababu kimehifadhiwa chote kwa lugha moja tu, Kige'ez cha Ethiopia, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko mpaka leo. Ulaya ilikuwa imekipoteza mpaka msafiri James Bruce aliporudi na nakala zake mwaka 1773. Baadaye vipande vyake vya Kiaramu vikapatikana kwenye mapango ya Qumran, vikathibitisha kwamba ni cha kale kuliko Ukristo wenyewe.

Jibu la pili ni uzao wa Sethi. Yaani wana wa Mungu ni wanaume wacha Mungu wa ukoo wa Sethi, na binti za wanadamu ni wasichana wa ukoo wa Kaini. Julius Africanus alilitaja katika karne ya 3, na Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria, akalipa nguvu kwenye kitabu chake cha Mji wa Mungu. Wanaolishika hukumbusha kwamba Yesu, katika Mathayo 22, alisema malaika wa mbinguni hawaoi wala hawaolewi.

Jibu la tatu ni wakubwa. Wafalme, waamuzi, watu wenye madaraka. Targumi ya Onkelos, tafsiri ya Kiaramu ya Wayahudi, inasema ni wana wa wakubwa. Rabi Shimon bar Yohai alisema ni wana wa waamuzi, na akamlaani yeyote atakayewaita wana wa Mungu. Na Rashi, mfafanuzi maarufu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anatoa maelezo ya zamani yanayotisha: bibi harusi alipokuwa akipambwa ili apelekwe kwa mumewe, mkubwa mmoja alikuwa akiingia na kumlala kwanza.

Sasa chukua jibu lolote kati ya hayo matatu, uweke mezani, uulize swali la ripota: nani alimfanyia nani nini?

Kama ni malaika, basi viumbe wenye nguvu kuliko mwanadamu walishuka wakachukua wasichana. Msichana wa kijijini angemzuia malaika kwa kitu gani? Kama ni wakubwa, mambo ni yaleyale, tena hayo tunayajua hata bila kufundishwa. Nani hajasikia habari za bosi anayetaka kwanza ndipo asaini barua ya ajira, au mhadhiri anayetaka kwanza ndipo atoe alama? Bunge letu lilipotunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa mwaka 2007, liliona vema kuweka humo rushwa ya ngono kama kosa la mwenye mamlaka anayedai. Wabunge walisoma vizuri kuliko mhubiri wetu.

Jibu la Sethi ndilo linalowapa watu nafasi ya kuwasingizia mabinti, kwa kuwa mabinti wa Kaini wanaonekana ndio walioharibu vijana wa kilokole. Lakini jibu hilo lina tundu kubwa. Mstari wa 1 unasema wanadamu waliongezeka wakazaa mabinti, na wanadamu hao ni watu wote. Utawezaje kufika mstari wa 2 na kudai kwamba neno hilohilo sasa ni la ukoo wa Kaini peke yake? Sethi naye hakuwa mwanadamu? Na tazama njia hiyo inakoweza kumfikisha mtu. Mwaka 1867 huko Marekani, Buckner Payne, akijificha kwa jina la Ariel, alitoa kijitabu kilichodai kwamba mtu mweusi hana roho na kwamba gharika ililetwa na weupe kuoana na weusi. Ukishazoea kusoma Biblia ukitafuta damu ya nani ni chafu, utaipata tu, na siku nyingine itakuwa damu yako wewe uliyekuwa unapiga makofi.

Kama kosa ni la wana wa Mungu, lilihamiaje kwa mabinti? Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi, na niliyoyakuta yamenikasirisha.

Kwenye Kitabu cha Henoko malaika wako 200. Kiongozi wao, Shemihaza, anasema wazi kwamba anaogopa asije akabebeshwa peke yake adhabu ya dhambi hiyo kubwa. Kwa hiyo wanakula kiapo pamoja, juu ya mlima Hermoni, kwamba hakuna wa kurudi nyuma. Umeona? Walijua ni dhambi, wakapanga, wakaapa. Mabinti hawakuwa kwenye kikao kile. Lakini maandishi ya baadaye, yale yanayoitwa Agano la Reubeni, yakaja na habari nyingine: kwamba ni wanawake waliowaroga malaika hao kwa mapambo, na kwa hiyo wanawake wasijipambe vichwa wala nyuso. Halafu akaja Tertuliano wa Karthago, karibu na Tunis ya leo, karne ya 3 ilipokuwa inaanza. Yeye alifundisha kwamba mabinti lazima wafunike nyuso, maana uso uliowakwaza mpaka walioko mbinguni ni hatari mno kuachwa wazi. Alilishikilia na lile neno la Paulo kwa Wakorintho kuhusu kichwa cha mwanamke na malaika, ambalo mpaka leo wasomi hawajakubaliana maana yake.

Kwa hiyo yule mhubiri wa kwenye jenereta hakufundisha Mwanzo 6. Alifundisha Agano la Reubeni na Tertuliano, bila kuwataja, huku ameshika Mwanzo mkononi. Hata yale ya roho za majitu kubaki zikitangatanga hayamo kwenye Mwanzo. Yanatoka kwa Henoko, kitabu ambacho akiulizwa atasema si Maandiko! Na hata kwa Henoko kachagua. Humo imeandikwa kwamba malaika Azazeli aliwafundisha watu kufua panga na visu, na pia kupaka wanja. Mhubiri kaushika wanja, panga kaziacha. Sijawahi kusikia mahubiri ya kumkemea mwenye panga kwamba anawaita Wanefili.

Najua kuna atakayeniuliza: kama mabinti hawakuwa na kosa, mbona gharika iliwaua wao, na malaika wakasalimika? Ni swali zuri, na nimelilalia usiku. Jibu la kwanza ni kwamba malaika hawakusalimika. Yuda na Petro wanasema wamefungwa gizani, na katika kusema hivyo hawamtaji mwanamke hata mmoja. La pili, soma mbele kidogo. Mstari wa 5 unasema uovu wa mwanadamu ulikuwa mkubwa na mawazo yake yote yalikuwa mabaya. Mstari wa 11 unataja kilichoijaza dunia, na ni dhuluma. Hausemi uzuri, wala nywele, wala suruali. Dhuluma! Na dhuluma ya kwanza kutajwa katika sura hiyo ni ipi kama si ya wenye nguvu kujichukulia wowote waliowataka?

Kabla sijamaliza, kuna jambo la ile picha. Msaidizi wa mhubiri alikuwa anauza kipeperushi chenye picha ya mifupa ya jitu, limelala shimoni, na mchimbaji aliye kando yake akionekana kama sisimizi. Chini pameandikwa kwamba sayansi imethibitisha Wanefili. Picha hiyo bado inazunguka kwenye WhatsApp, labda nawe umeipokea. Basi jua kwamba ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 na mtu aliyejiita IronKite, kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha kwenye tovuti ya Worth1000. Shimo ni la kweli, ila mwaka 2000 huko Hyde Park, New York, walikuwa wanafukua mastodoni, mnyama wa zamani wa jamii ya tembo. Mwaka 2007 National Geographic waliandika habari nzima kuukanusha uongo huo. Mimi nikipeleka picha ya namna hiyo kwa mhariri wangu, kesho yake natafuta kazi. Mhubiri ameiuza, na watu wakampa na sadaka juu.

Na kuhusu majitu, mmesahau Hesabu 13? Wanefili wanatajwa tena pale, na wanaowataja ni wapelelezi waliorudi Kanaani wakitetemeka, wakisema walijiona kama panzi. Biblia yenyewe inaiita taarifa yao kuwa ni taarifa mbaya. Waliowaogopesha watu kwa habari za Wanefili waliwacheleweshea safari kwa miaka 40. Mhubiri angekumbuka hilo.

Turudi kwa Dada, maana ndiye aliyenifanya niandike. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake, wanaume kwa wanawake. Na mimba kuharibika ni jambo la kawaida kuliko tunavyosema, ila tunalifanya siri, na siri hiyo ndiyo mtaji wa watu kama huyu. Mwanamke aliyepoteza mimba mbili tayari anajilaumu usiku. Ukimwambia kwamba ni kweli amejitakia, kwamba uzuri wake umemwita jini, hujamwombea. Umechukua jeraha lake ukaligeuza kuwa kesi, kisha ukamtoza faini.

Siku ile baada ya mkutano nilitembea naye mpaka kituoni. Daladala zilikuwa zimejaa, tukasimama muda mrefu. Nikamweleza haya yote, ovyo ovyo, Henoko na Rashi na wengine. Alinisikiliza bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hapo kwenye Biblia yenyewe, huyo binti alifanya nini hasa?"

Nikamwambia, "Hakufanya kitu, Dada. Alikuwa mzuri, basi."

Alinyamaza tena. Daladala ikaja, akapanda, sikujua amelichukuliaje.

Amerudi kliniki mwezi uliopita. Ameambiwa aende na mumewe, wapimwe wote wawili. Shemeji amekwisha kutoa udhuru mara mbili, mara kazi, mara msiba. Nimempigia simu mwenyewe, nimemwambia kwa heshima zote kwamba hii ya tatu nitamfuata nyumbani.

Na kwako mhubiri, najua watu wako watakufikishia. Sikuombi uache kuhubiri Mwanzo 6. Ihubiri. Ila siku nyingine ukisimama jukwaani na kifungu hicho, geuza kidole chako upande wa pili, kule walikokaa wanaume, na wazee wa kanisa, na waheshimiwa wa viti vya mbele vyenye vitambaa. Waulize wao: mmeona nini, na mmechukua nini? Uone kama watapiga makofi.